Ngomeni, Jumba la Mtwana au Gedi: mgeni wako umpeleke wapi kutembea?

Kaskazi ikishaanza kuvuma na shule zikifungwa, simu yangu haitulii. Shemeji anashuka na watoto kwa treni kutoka Nairobi. Binamu anakuja harusini na atabaki wiki nzima. Rafiki wa chuoni anataka kuiona Pwani, maana ufuo ameshauchoka. Na wote wana ombi moja: wapelekwe mahali penye jumba la kale, wapatembee kwa miguu taratibu, na pawe na miti ya kupumzikia. Zamani sikufikiri mara mbili. Nilikuwa nawaambia Ngomeni, yaani Ngome ya Yesu hapa Mombasa, yakaisha. Siku hizi nauliza kwanza. Unakuja na nani? Una siku ngapi? Na unataka kuona nyumba ya nani?

Swali la tatu huwashangaza, nalo ndilo lenye uzito kwangu. Ngome ya Yesu ilijengwa na waliokuja kututawala. Jumba la Mtwana na Gedi ni miji tuliyojijengea sisi watu wa Pwani, kwa matumbawe na chokaa yetu, na ilikuwa imekwisha simama muda mrefu kabla Vasco da Gama hajapita hapa mwaka 1498. Mtoto akipelekwa Ngomeni peke yake atarudi kwao akiamini kwamba kila ukuta wa kale aliouona huku uliletwa na wageni. Nimemsikia mpwa wangu wa darasa la tano akisema hivyo hivyo, tukiwa mezani, mbele ya nyanya yake: "Kumbe Wareno ndio waliotufundisha kujenga nyumba za mawe." Mamangu aliweka kikombe chini, hakusema neno. Tangu siku hiyo nimekuwa na ratiba yangu.

Hebu nikuwekee matembezi yote matatu, uone lipi linakufaa.

Yako kwenye pwani moja, ukielekea kaskazini. Ngomeni ni hapa kisiwani, tuktuk kutoka popote mjini itakufikisha mlangoni. Jumba la Mtwana liko ng'ambo ya daraja la Mtwapa, safari isiyofika kilomita 20. Gedi ni mbali: kilomita 100 hivi, karibu na njia panda ya Watamu, kabla hujafika Malindi. Kote kunasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kunafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Malipo ni kwa simu kupitia eCitizen, na mwananchi hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo kitambulisho kisisahaulike nyumbani. Kuna jambo jingine linaloziunganisha sehemu hizi tatu: zote zilichimbwa na mtaalamu mmoja wa mambo ya kale, James Kirkman, ambaye alianza na Gedi mwaka 1948, akaja Ngomeni, kisha Jumba la Mtwana mwaka 1972. Mengi tunayoyasoma kwenye vibao vya kote huko yalitoka kwenye majembe yake na ya wenyeji waliochimba naye.

Ngomeni, na mitaa iliyo nyuma yake

Ngome ilijengwa kati ya 1593 na 1596, ramani ikiwa ya Muitalia, Giovanni Battista Cairati, wakati Ureno ilipokuwa chini ya Mfalme Philip II wa Uhispania. Kabla ya kuingia, usikimbilie mlango. Shuka kidogo upande wa handaki uutazame ukuta kutoka chini. Utaona jiwe la asili, mwamba wa matumbawe wenyewe, limechongwa likawa sehemu ya chini ya ukuta, na juu yake mawe ya kupangwa. Jaribu kutafuta mahali mwamba unapoishia na kazi ya fundi inapoanzia. Mimi huwapa watoto kazi hiyo, waweke kidole wanapodhani ndipo, na hawakubaliani hata siku moja.

Ndani kuna historia ya kutosha kujaza siku. Kati ya 1631 na 1875 ngome hii ilibadilisha mikono mara tisa. Ya kwanza ndiyo inayonigusa zaidi. Yusuf bin Hassan, mwana wa sultani wa Mombasa, alilelewa na Wareno huko Goa, wakambatiza na kumwita Dom Jeronimo, wakamrudisha atawale kwa niaba yao. Mwaka 1631 alimuua kapteni wao na kuitwaa ngome. Baadaye wakaja Waomani, wakaizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Hesabu miezi hiyo ukiwa umesimama uani, jua likikupiga, ujiulize maji yalitoka wapi na chakula kilitoka wapi. Meli ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa vita hivyo, na vitu vilivyotolewa baharini na wapiga mbizi miaka ya 1970 vimo kwenye chumba cha maonyesho. Halafu ukoo wa Mazrui, halafu ukoo wa Busaidi, halafu Mwingereza, aliyeigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Anayetafuta jumba hasa, yaani nyumba ya kuishi mtawala, apande hadi Nyumba ya Waomani, juu ya buruji, yaani pembe ya ngome iliyotokeza nje, iitwayo San Felipe. Ni ndogo kuliko watu wanavyotarajia. Lakini simama dirishani upokee upepo wa bahari, utaelewa kwa nini mtawala alichagua kulala pembe ile badala ya kule chini kwenye joto.

Joto ndilo tatizo la Ngomeni. Ua ni mpana, kivuli ni cha kutafuta, na kuta za matumbawe zikishashika moto saa sita mchana zinakuwa kama tanuri. Mpeleke mgeni saa mbili asubuhi au baada ya alasiri. Siku za wiki za muhula wa shule pia hujaa wanafunzi waliokuja kwa mabasi. Ni furaha kuwaona, ila kibao hutakisoma. Na ngazi za kupandia kwenye buruji si rafiki wa mwenye magoti mabovu.

Ngome ina kitu ambacho Jumba na Gedi hazina: ukitoka mlangoni unaingia kwenye mji ulio hai. Fuata Ndia Kuu. Watu wa bara hudhani kibao kimekosewa tahajia. Hakijakosewa, kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, njia ni ndia. Tembea polepole, utazame milango. Mlango mmoja wa nakshi unastahili dakika tano: fremu yenye mnyororo uliochongwa kuzunguka, mfaa wa katikati wenye maua, kizingiti cha juu chenye maandishi au waridi kubwa, na mbao iliyoiva kwa mikono ya watu mia kadhaa waliopita hapo. Utapita Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570 hivi, wenye mnara mweupe unaosinyaa kuelekea juu. Kwa maneno mengine, msikiti ulikuwepo ngome haijawekwa jiwe la kwanza. Ukiendelea utafika Bandari ya Kale. Jioni kaa barazani unywe kahawa chungu kwa kikombe kidogo, na kipande cha haluwa au tende. Mitaa ya Kibokoni harufu ya udi hutoka madirishani, chini kuna mtu anakaanga viazi karai.

Neno moja kuhusu adabu. Hizo ni nyumba za watu. Mgeni asimpige picha mama aliyekaa mlangoni pake bila kumwomba, na nguo ziwe za heshima, mwanamume kwa mwanamke. Na ukikubali mtembezaji anayejitolea pale mlangoni, patana naye bei na muda kabla hamjaanza. Nilipatwa mwaka mmoja: kijana alituzungusha dakika ishirini, akatutia dukani kwa vinyago saa nzima, na mwisho akadai malipo ya matembezi ya saa tatu. Wako wengine wazuri sana, wazaliwa wa mitaa ile ile, wanaokusimulia nyumba baada ya nyumba. Utawajua kwa kuwa hawana haraka.

Mgeni akiwa bado ana nguvu, malizia Mama Ngina, pale mibuyu inapotazama mlango wa bahari na meli zikiingia Kilindini. Pale ndipo bustani ya matembezi haya ilipo kwa kweli: upepo, madafu, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu.

Jumba la Mtwana

Hapa napenda kuliko ninavyoweza kueleza, na huwa nashangaa watu wa Mombasa wangapi wamepita Mtwapa maisha yao yote bila kukata kona ile. Ukivuka daraja, mbele kidogo kuna kibao upande wa kulia, barabara inakwenda hadi baharini. Bodaboda wote wa Mtwapa wanapajua.

Mji huu ulikaliwa karne ya 14, na mwanzoni mwa karne ya 15 watu wakauhama. Jina la Jumba la Mtwana, nyumba kubwa ya mtumwa, ni la wenyeji waliokuja nyuma. Zimebaki nyumba na misikiti, mibuyu mikubwa katikati yake, nyasi fupi, na mteremko mwepesi hadi mchangani. Ukisema jumba na bustani, kwangu picha inayokuja kichwani ni hii: unatoka kwenye mlango wa tao, hatua chache uko chini ya mbuyu, hatua chache tena unasikia maji. Nyumba zimepewa majina kulingana na zilivyo. Moja ni Nyumba ya Milango Mingi, nayo kweli inapoteza watu. Watoto wanaigeuza mahali pa kujificha, ukuta mmoja hadi mwingine, na walinzi huwa wapole mradi wasipande juu ya kuta. Tafadhali wasipande. Chokaa ile imeshikilia miaka 600, haihitaji miguu ya mtu.

Angalia pia jinsi watu wale walivyojali usafi. Vyoo, mahali pa kuogea, mabirika ya kutawadhia, visima: kila unapogeuka kuna maji au mahali maji yalipokuwa. Mpwa wangu yule wa Wareno nilimwonyesha choo cha mawe ndani ya nyumba ya karne ya 14. Alikichungulia, akakichungulia tena. "Ndani ya nyumba?" Ndani ya nyumba, nikamwambia. Hakuuliza tena juu ya Wareno.

Mbele kabisa, karibu na maji, kuna Msikiti wa Baharini, na kando yake kaburi lenye maandishi ya Kurani: kila nafsi itaonja mauti. Ni Aya ya 185 ya Sura Al-Imran, ambayo kila mtoto wa madrasa huku ameisikia matangani. Nilimpeleka mamangu mwaka aliofikisha miaka 70. Hatembei sana, magoti yanamsumbua. Alifika kaburini, akaishika bakora kwa mikono miwili, akaisoma aya yote hadi mwisho kwa sauti ya chini, kisha akamwombea dua mtu ambaye hamjui jina wala ukoo. Tukakaa kwenye mkeka chini ya mti hadi adhuhuri. Aliniuliza mara moja tu: "Hawa ni wazee wetu?" Nikamwambia ndiyo. "Basi mbona hukunileta mapema?"

Kwa hiyo ukiwa na mzee, na mtoto mdogo, na mjamzito, na mtu yeyote ambaye miguu yake ina mipaka, Jumba la Mtwana halina mshindani. Ardhi karibu yote ni tambarare. Saa moja inatosha kuona kila kitu, na saa mbili nyingine ni za kukaa. Kasoro yake ni kwamba vibao vya maelezo ni vichache, na mgeni asiyependa kuwaza mwenyewe anaweza kusema ameona mawe tu. Mchukue mtu wa kuelezea pale langoni. Na mvua ya masika ikinyesha barabara ya kuingilia huchafuka. Gari la chini litalia. Foleni ya Mtwapa nayo unaijua. Ondoka mjini mapema.

Gedi

Sasa tufike kwenye jumba lenyewe. Mtu akiniambia ana siku moja kamili, ana miguu mizima, na anataka kuona mfalme wa Pwani aliishi vipi, simpeleki kwingine.

Gedi ilianza karne ya 12, ikashamiri karne ya 14 na 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 ikawa haina mtu. Msitu ukaingia. Ukafunika mji wote, ekari 45 ndani ya ukuta wa nje, na ukabaki humo hata leo. Ajabu mojawapo ni kwamba Wareno walikuwa Malindi, karibu kilomita 16 tu, kwa miaka mingi, na hakuna maandishi yao yanayoutaja mji huu. Mji wa misikiti, visima na jumba la mfalme, nao hawakuuandika! Wagiriama wa karibu ndio walioujua na kuuheshimu kama mahali penye mizimu, na heshima hiyo imeukinga msitu kuliko ukuta wowote. Julai 2024 Gedi nayo iliingia kwenye Urithi wa Dunia, ikaungana na Ngome, Lamu na kaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda.

Kinachokupokea kwanza ni ubaridi. Unaacha jua la barabarani, unaingia chini ya miti mirefu, na sauti inabadilika: ndege, majani, kima wakirukiana juu. Kima hao wamezoea watu kupita kiasi. Ndizi ikiwa mkononi si yako tena. Dada yangu alinyang'anywa mkate ulio ndani ya mfuko, mfuko ukiwa begani. Wakati mwingine utamwona sange, yule mdogo mwenye pua ndefu na nyuma ya rangi ya dhahabu, ambaye makao yake makubwa ni msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani. Ukimya ndio utakaokuonyesha, na familia yangu si mabingwa wa ukimya, kwa hiyo nimemwona mara moja tu.

Halafu jumba. Lango lake ni tao lililochongoka juu, bado limesimama. Unaingia kwenye ua ulioshushwa chini kidogo ya sakafu, wenye baraza za mawe pembeni, ambapo mfalme alisikiliza mashauri ya watu. Kaa barazani. Kwa macho, namaanisha, hata kama mwili umesimama. Waza mtu ametoka Malindi na kesi ya minazi, amekaa hapo tangu asubuhi akingoja kuitwa. Ukutani kuna vidaka vya kuwekea taa. Nyuma yake vyumba vinafuatana, cha wageni, cha familia, cha ndani kabisa, na mpangilio huo nyanya yangu angeutambua bila kuelezwa, kwa sababu nyumba aliyozaliwa, mtaani Kuze, ilipangwa vivyo hivyo: kadiri unavyoingia ndani ndivyo unavyokuwa mtu wa karibu. Kuna chumba kimoja kidogo kisicho na mlango wa kawaida. Ilibidi mtu aingie kwa uwazi ulio juu ukutani. Hapo ndipo mali ilipowekwa. Watoto wanaweza kubaki mbele ya chumba hicho muda mrefu kuliko mbele ya mizinga yote ya Ngomeni.

Nyumba zilizozunguka jumba zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Fedha za Kichina. Simama mbele ya kila jina. Fedha za Uchina, vyombo vya kauri vya Uchina, shanga za Venice, na zote ziliishia ndani ya msitu wa Pwani. Watu hawa walikuwa na biashara iliyofika mbali, na wageni walileta bidhaa zao hadi kwao. Hilo ndilo ninalotaka mtoto atoke nalo langoni.

Msikiti mkuu uko karibu na jumba. Juu ya tao la mlango wake mmoja kuna mkuki uliochongwa, na sijaona mtu asiyeutafuta kwa dakika kadhaa baada ya kuambiwa upo. Kando kuna kisima kirefu mno. Wataalamu wanasema kina cha visima kilizidi kuongezwa kwa sababu maji yalikuwa yakishuka, na hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa ya watu kuhama, pamoja na vita vya miaka ile. Chungulia. Mtu wa Mombasa anayeamka usiku kungoja mfereji utoe maji hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini mji unaweza kuhama. Mbele kidogo lipo kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kaburi hilo ndilo lililosaidia kupanga umri wa vitu vilivyo karibu nalo.

Ndani ya uwanja huo huo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambao wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza nje ya nchi mabuu yaliyojifunga, ili msitu uwalipe ukiwa umesimama. Watoto wakichoka na mawe wapeleke huko.

Gharama ya Gedi ni muda. Ukienda kwa matatu, za Malindi zinaondokea barabara ya Abdel Nasser. Shuka njia panda ya Gedi, ukate kwa tuktuk au miguu. Hesabu saa mbili na zaidi kila upande, na foleni ikikushika, tatu. Kosa baya ni kuibana. Tuliwahi kulipia gari la matembezi ambalo ratiba yake ilikuwa Gedi, Watamu na Malindi, kwenda na kurudi siku moja. Gedi tulipewa dakika arobaini. Tuliona jumba, tukaona nusu ya msikiti, dereva akaanza kupiga honi. Kaburi lenye tarehe tulilisikia tu likitajwa. Pale panahitaji saa mbili za kutembea, si pungufu, na viatu vya kufunika vidole kwa ajili ya mizizi. Mwezi wa Mei, mvua ikiwa imeshika, mbu wa msituni hawana huruma, na njia huteleza. Desemba hadi Machi ndio wakati wake.

Basi, yupi aende wapi

Mgeni mwenye nusu siku kabla ya treni hana la kuchagua: Ngomeni na Mji wa Kale, na atakuwa ameona kitu kikubwa. Mpenda picha naye aende Mji wa Kale alfajiri, mwangaza ukiwa wa upande, milango ikianza kufunguliwa. Wachumba waende Jumba la Mtwana saa tisa, wakae hadi jua lilegee. Msomi, mwalimu na mtoto wa kuanzia darasa la nne ni wa Gedi. Mwenye gari na siku nzima anaweza kuongeza Mnarani, Kilifi, akirudi. Ni padogo, makaburi ya nguzo yanayotazama mkono wa bahari, na nusu saa inatosha.

Wapo pia wanaosema bustani, wakimaanisha bustani tu, maua na wanyama, mawe hawayataki. Hao niwape Haller Park, Bamburi, na nisiwalazimishe. Nayo ina kisa chake: machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyokuwa jangwa la mawe, ambayo kuanzia 1971 René Haller aliyapanda mivinje hadi yakawa msitu. Ila huko hakuna jumba.

Tatizo hubaki kwa familia mchanganyiko, na zetu zote ni mchanganyiko. Nikiwa na siku mbili naanza na Jumba la Mtwana, kisha Ngomeni. Huo mpangilio sibadilishi. Mtoto aliyekwisha kuona choo cha mawe, msikiti na kaburi la karne ya 14 anaingia Ngomeni akiwa na swali tofauti kichwani: hawa waliokuja na mizinga walikuta nini? Ukianza na ngome, swali hilo halizaliwi. Siku ya tatu ikiwepo ni ya Gedi, peke yake, bila Malindi.

Shemeji amepiga simu juzi. Wanafika Ijumaa, yeye, watoto watatu na mama yake mzazi ambaye hajawahi kushuka Pwani. Nimempangia Jumamosi Jumba, Jumapili jioni Ngomeni, Jumanne Gedi. Akauliza mama atafanya nini Gedi na miguu ile. Nimemwambia jumba lenyewe haliko mbali sana na lango, tutamshika mkono hadi kwenye ua wa mashauri, na mkeka nitaubeba mimi. Ndizi asibebe mtu.